Kaskazini ya Kinuthia

Mfuko wa Shangazi Emérance ulikuwa wa ngozi nyeusi, umechubuka pembeni, na mkanda wake ulikuwa umeshonwa mara mbili kwa uzi wa fundi viatu. Ndani mlikuwa na Biblia, dawa ya magoti, kitenge cha akiba, na vitu vingine ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona. Tangu watoke Sydney, siku tano zilizopita, Kinuthia alikuwa ameuomba mfuko ule mara saba. Ketsia alikuwa akihesabu moyoni.

Mara ya nane ilikuwa kwenye stesheni ya Bologna, asubuhi ya Jumatatu, ukungu umeshuka mpaka chini na mvuke unawatoka vinywani kama masufuria matatu yaliyosahauliwa jikoni.

"Anti, leta nikubebee."

"Mufuko yangu hapana kubebwa na mugeni."

"Kwani bado mimi ni mgeni, Anti? Miaka miwili?"

"Ata mvua inanyesha miaka mbili," Shangazi alisema, akiukumbatia mfuko wake. "Haiyaingia mu nyumba."

Kinuthia akacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Ketsia hakucheka. Yeye alijua uzito wa maneno yale. Kwao, mfuko wa shangazi hubebwa na watoto wa nyumbani tu. Siku shangazi anapomkabidhi mwanaume mfuko wake mbele ya watu, hakuna haja ya kutuma barua wala wazee, jambo limekwisha. Na siku asipomkabidhi, mwanaume huyo hata akija na kijiji kizima atanyweshwa chai na kurudishwa alikotoka.

Baba yake Ketsia, Mzee Lazare, alikuwa amelisema waziwazi sebuleni kwake Minto, kitongoji cha Sydney: "Mama yako alikufa ukiwa mdogo. Mwenye alikulea ni dada yangu. Atakayosema yeye ndiyo nitasema mimi. Anaenda na nyinyi kwa ndoa ya Aline, atamwangalia huyo kijana wa Kenya. Mukirudi, atanipa jibu pale pale uwanja wa ndege."

Ndoa ya Aline, binamu yake Ketsia, ilikuwa imefungwa Jumamosi, Milano, watu wakala wakacheza. Kinuthia alivaa suti ya kijivu, akacheza na mabibi wote mpaka wakamwita mkwe. Shangazi Emérance alikaa kitini na mfuko wake mapajani, akitazama. Jumapili baada ya kanisa alimvuta Ketsia pembeni.

"Kijana iko muzuri," alisema. "Anacheka, anafanya kazi, anaogopa Mungu. Lakini kuko kitu moja. Hajuwi kuuliza."

"Kuuliza nini, Shangazi?"

"Kitu yote. Juzi tulipotelea mu ile stesheni ya chini ya udongo, nusu saa. Ulisema tuulize. Yeye alisema 'ninajua'. Hakujua." Akaukaza mkanda wa mfuko. "Mume wangu pia alikuwa anajua."

Ketsia aliijua hadithi ile, ingawa husimuliwa kwa nadra nyumbani kwao. Siku walipokimbia vita kule Kongo, walifika mahali njia inapogawanyika. Kulikuwa na wanawake wanatwanga mihogo kando ya njia. Shangazi alimwambia mumewe, tuwaulize hawa. Mume akasema mwanaume haulizi njia kwa wanawake wa njiani. Wakatembea siku mbili, wakirudi kulekule walikokuwa wanakimbia. Shangazi alitoka huko. Mume hakutoka.

"Kwa hiyo jibu lako ni hapana?" Ketsia aliuliza, na sauti ikamtoka ndogo.

"Jibu yangu iko mu mufuko," alisema Shangazi. "Kesho nitakaa mahali pa moto, nyinyi mutembee. Saa kumi munikute. Magoti yangu hapana ya baridi hii."

Basi ndivyo walivyomwacha kwenye mkahawa wa stesheni, na kikombe cha chokoleti nzito kama uji, na simu ya Ketsia ili aongee na watu wake wa Butembo. Kinuthia alimtafutia kiti mbali na mlango, akamfunika magoti kwa koti lake la mvua, akauliza kama chokoleti ina sukari ya kutosha. Mambo hayo alikuwa akiyajua sana. Wakatoka wawili.

Sasa Ketsia hakuwa amekuja Bologna kutalii tu. Minto, katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, kulikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini na mbili, Bibi Assunta. Alifika Australia akiwa msichana, akaongea Kiingereza miaka sabini, na uzee ulipomkaba Kiingereza chote kikamtoka. Kikabaki Kiitaliano cha utotoni. Wafanyakazi wengine walimwongelesha kwa sauti kubwa, kana kwamba ni kiziwi. Ketsia, kwa kuwa alikuwa na Kifaransa cha shule ya kule kwao, alianza kuokota neno hapa na neno pale wakati wa kumwogesha na kumlisha, mpaka baada ya miaka mitatu wakawa wanapiga soga. Aliposikia Ketsia anakwenda Italia, Bibi Assunta aliomba kalamu. Jina la mtaa wake lilikuwa limempotea, lakini njia haikumpotea. Alichora nyuma ya karatasi ya menyu: kanisa lenye makanisa mengine ndani yake, kutoka hapo, kusini, moja kwa moja mpaka lango la zamani la mji, mlango wa tatu kabla ya lango. Kwenye mlango ule palikuwa na mkono wa shaba wa kubishia hodi.

"Ushike," bibi alimwambia Ketsia. "Ushike kwa niaba yangu. Mama yangu alikuwa akiusugua kila Jumamosi."

Walitembea, basi. Walikuwa na jozi moja tu ya glavu, kwa sababu Kinuthia alipanga mizigo yake kwa baridi ya Sydney, ile ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua saa nne. Ketsia alivaa ya kulia, yeye ya kushoto, na mikono miwili iliyobaki uchi wakaitia pamoja katika mfuko wa jaketi la Kinuthia. Mkono wa Kinuthia ulikuwa na sugu za bisibisi na vyuma. Kazi yake ilikuwa kufunga paneli za sola juu ya mapaa, na ndivyo walivyokutana: alishuka kutoka juu ya paa la nyumba ya wazee Minto, jasho linamchirizika, akamwomba Ketsia maji. Alikunywa glasi mbili huku akimtazama juu ya ukingo wa glasi, na ya tatu aliomba bila kiu.

"Kitendawili," alisema Ketsia.

"Tega."

"Mji mzima unatembea chini ya mwavuli, na mwavuli haushikwi na mtu."

"Hiyo rahisi. Ukungu."

"Sio."

"Mawingu."

"Sio, Kinuthia. Nipe mji."

Ndugu msomaji anajua sheria ya mchezo huu. Ukishindwa kutegua kitendawili, unatoa mji, mwenzako anaupokea, ndipo anakupa jibu. Ketsia alifundishwa na Mtanzania mmoja aliyekuwa jirani yao kambini Uganda. Kinuthia alifundishwa shule ya msingi, Nyeri. Lakini kwa miaka miwili yote Kinuthia hakuwahi kumpa Ketsia mji hata mmoja, hata kitongoji. Alikuwa anakisia na kukisia, na akichoka anabadilisha mazungumzo.

"Sitoi mji. Paa la uwanja wa mpira."

"Hebu tazama juu yako."

Akatazama. Walikuwa wametembea nusu saa katika mvua nyembamba bila tone kuwagusa. Juu yao kulikuwa na dari ya matao, tao baada ya tao, nyumba zote za mtaa zimetoa ghorofa zao mbele na kuzisimamisha juu ya nguzo, na watu wanapita chini: wanafunzi, akina mama na toroli za sokoni, padri mwenye baiskeli.

"Nilikuwa nakaribia," alisema Kinuthia.

Ulikuwa mji mwekundu, wekundu wa matofali na wa mchuzi wa nyanya uliokaa siku mbili. Waliona minara miwili, mmoja umeinama kama mzee anayetafuta miwani. Waliona kidirisha kidogo ukutani, ukichungulia unaona mfereji wa maji unapita nyuma ya nyumba. Kinuthia alipiga picha kila kitu, alirekodi kila kitu, hata njiwa. Katika duka moja muuzaji aliwaonjesha nyama iliyokatwa nyembamba mpaka unaona mwanga, na Kinuthia alimlisha Ketsia kipande kwa vidole vyake, akimtazama, mpaka muuzaji akajifanya ana kazi upande wa pili.

Saa saba walifika kwenye kanisa lenye makanisa ndani yake. Walipotoka uani, mvua ilikuwa imekata, na simu ya Kinuthia ilikuwa imezima. Baridi na zile picha za njiwa vilikuwa vimeimaliza.

"Sasa tutajuaje kusini?" aliuliza Ketsia. Alikuwa ameshika karatasi ya Bibi Assunta. Uwanja ulikuwa na njia nne, zote zina matao, zote nyekundu.

Palepale ukungu ukapasuka na jua likatokea, la rangi ya siagi, halina joto.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema Kinuthia. Akasimama wima, akanyoosha mkono kuelekea kwenye jua. "Saa hii ni mchana. Jua la mchana liko kaskazini. Kwa hiyo kusini ni kule." Akageuka, akaonyesha nyuma yao.

"Una hakika? Ngoja nimuulize yule mama wa magazeti."

"Ketsia. Mimi nimefunga paneli mapaa mia nne. Kuanzia Rooty Hill mpaka Penrith, kule Sydney. Kama kuna kitu kimoja duniani najua, ni kaskazini."

"Kuuliza ni dakika moja."

"Hakuna haja. Twende."

Ketsia alimtazama yule mama wa magazeti. Kiitaliano kilikuwa tayari mdomoni mwake. Akamtazama Kinuthia, alivyokuwa amesimama na glavu moja na furaha usoni, akakimeza. Wakaenda, jua likiwa mgongoni, vivuli vyao vikiwatangulia.

"Kitendawili," alisema Ketsia baada ya muda. "Nina mtumishi, hunitangulia nikilipa jua kisogo, hunifuata nikiligeukia, na njia haijui."

"Kivuli."

"Kivuli," alikubali.

"Umeona? Napata."

Walitembea. Matao yakaisha. Wakapita lango la zamani, na Kinuthia akasema ndilo, lakini mlango wa tatu kabla yake ulikuwa wa benki, na wa nne wa kinyozi. Ketsia akasema labda tuulize. Kinuthia akasema bibi amezeeka, pengine kuna lango lingine mbele. Wakavuka barabara kubwa ya magari. Wakafika kwenye daraja, na chini yake zilipita reli nyingi.

"Reli hizi si za stesheni yetu?" aliuliza Ketsia.

"Reli ziko kila mahali. Hii ni Ulaya."

"Kinuthia, mimi naongea Kiitaliano. Nilijifunza miaka mitatu nikimvalisha mtu soksi. Nimekutana na watu wangapi tangu kanisani? Hata mmoja hukunipa nafasi nimuulize."

"Nani amekukataza?"

"Wewe. Kila nikifungua mdomo unasema 'najua'."

"Kwa sababu najua."

"Basi mlango uko wapi?"

Kinuthia aliutoa mkono wake mfukoni, ule uliokuwa umeshikana na wa Ketsia, akajifanya anarekebisha kofia. Mkono wa Ketsia ukabaki peke yake mfukoni mwa jaketi la mtu, ukaona aibu, ukatoka. Walitembea robo saa nyingine hivyo, yeye mbele, Ketsia nyuma, kati ya gereji na maghala na maghorofa ya kupanga. Kungekuwa na bango la Minto pale, usingelistaajabia. Ketsia alikuwa akiwaza jambo moja tu: Shangazi ameona. Katika siku tano tu ameona kile nilichokataa kukiona miaka miwili. Na aliwaza kwamba kesho kutwa, pale uwanja wa ndege, atauona mfuko ule mweusi ukienda mikononi mwa baba yake, na yeye hatakuwa na neno la kusema.

Kinuthia alisimama mbele ya gereji moja. Juu ya paa kulikuwa na paneli, safu mbili. Hakuweza kupita paneli bila kuzitazama, kama vile mshonaji asivyoweza kupita gauni. Na kwa kuwa alitaka amani, na hakujua namna nyingine ya kuitafuta, alianza kufundisha.

"Umeona zilivyoinuka?" alisema, sauti ya upole. "Kwetu tunazilaza zaidi. Huku wameziinua sana kwa sababu ikweta iko mbali. Paneli lazima itazame upande wa ikweta, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, mwanafunzi wa siku moja anaijua. Sydney ikweta iko kaskazini yetu, kwa hiyo tunazielekeza kaskazini. Na huku ikweta iko..."

"Iko?" alisema Ketsia.

Kinuthia alitazama paneli. Akatazama jua. Akatazama kivuli chake, kirefu katikati ya mchana, kinanyoosha kidole njia ile ile aliyompitisha. Ketsia aliona masikio yake yakibadilika rangi. Hakuelewa bado ni nini, ila alielewa kwamba ameona kitu, na kwamba angeweza kukificha. Angesema bibi alikosea. Angesema nyumba imebomolewa. Ketsia asingejua kamwe.

Lori lilipita. Lingine likapita.

"Chukua mji," alisema Kinuthia.

"Mji gani?"

"Huu. Wote, na minara yake." Alivua kofia. "Nimekosea, Ketsia. Tangu pale kanisani. Huku jua la mchana liko kusini. Tumevuka ikweta kwa ndege, mimi nikaacha kichwa juu ya paa Rooty Hill. Nimekutembeza saa nzima kinyume. Na pia sijui tuko wapi." Akaikunja kofia mkononi. "Tafadhali, niulizie."

Ketsia alisimama akimtazama. Miaka miwili alikuwa amesikia kutoka kinywa kile nakupenda, nimekukosa, umependeza. Hakuna lililomgusa pale neno hili lilipomgusa.

Juu ya gereji mama mmoja alikuwa anakung'uta zulia dirishani. Ketsia akamwita, akamwonyesha karatasi. Yule mama aliuliza swali, Ketsia akajibu, akauliza lingine, halafu akacheka mpaka zulia likamponyoka likamwangukia Kinuthia mabegani.

"Anasema nini?"

"Anasema mlango uko kule jua liliko. Anasema basi linalofuata ni baada ya dakika hamsini, na kwamba miguu ya vijana itafika kwanza. Na anauliza mume wangu ni baharia wa wapi."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia wa Rooty Hill."

Walirudi kwa haraka, jua usoni. Juu ya daraja la reli Kinuthia aliufungua mfuko wa jaketi kwa vidole viwili, bila kusema kitu, na mkono wa Ketsia ukarudi nyumbani. Hapo ndipo Ketsia alipomwambia yote: njia iliyogawanyika, wanawake wa mihogo, siku mbili, mume ambaye hakutoka, na jibu lililoko ndani ya mfuko. Kinuthia alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya yote ulikuwa unayajua," alisema.

"Nilikuwa nayajua."

"Na hukuniambia. Umeniacha niombe mfuko kama mpagazi wa stesheni."

"Niliogopa ungejifanya mtu mwingine kwa siku tano, halafu nikaolewe na yule wa siku ya sita."

Alifikiri juu ya hilo kwa mwendo wa matao kumi. "Ungeniambia, Ketsia. Mimi siulizi, na wewe husemi. Tutafika wapi namna hiyo?"

"Gereji," alisema Ketsia, na wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

Waliukuta mlango jua likianza kuzama nyuma ya vilima, wa tatu kabla ya lango, kama ulivyochorwa. Ulikuwa wa kijani. Mkono wa shaba haukuwepo. Palikuwa na matundu mawili ya skrubu yaliyozibwa kwa rangi, na pembeni kidude cha kengele chenye majina manane.

Ketsia alivua glavu. Akaweka kiganja chake juu ya matundu yale mawili, akakiacha hapo. Mbao ilikuwa baridi. Ndani mtoto alikuwa anajifunza piano, anakosea mahali palepale, anarudia.

"Utamwambia nini?" aliuliza Kinuthia.

"Nilitaka kumwambia nimeushika." Alifuta jicho. "Nitamwambia nimeushika mlango wake, na kwamba ni wa kijani, na kwamba kuna piano. Hilo si uongo."

"Na Shangazi tutamwambia nini? Saa kumi imepita zamani."

Hapo Ketsia, anayesifiwa na wote kwa ukweli wake, alisema haraka, "Tumwambie kanisani kulikuwa na foleni. Nakuomba. Akijua umepotea na ukakataa kuuliza, imekwisha. Tutakuwa tumempa jibu lake kwa mikono yetu."

Kinuthia alimfunga vizuri skafu shingoni, wakashika njia.

Shangazi Emérance alikuwa kwenye kiti kile kile, mfuko mapajani. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na nusu. Treni yao ilikuwa imeondoka bila wao.

"Mulikuwa wapi?"

"Shangazi, kule kanisani kulikuwa na foleni..." alianza Ketsia.

"Nilipotea, Anti," alisema Kinuthia. Alikuwa amesimama kama mwanafunzi, kofia mkononi. "Ketsia alisema tuulize, mara tatu. Nikakataa. Nilimtembeza saa nzima kinyume kwa sababu ya kiburi changu. Halafu nikamwomba aniulizie."

"Nani alikuonyesha kama umepotea? Yeye?"

"Hapana. Niliona mwenyewe."

"Na yeye alikuwa amejua?"

"Hakuwa amejua, Anti."

Shangazi alimtazama muda mrefu. Mhudumu alikuja kuchukua kikombe, akaona nyuso zile, akakiacha. Mwisho Shangazi akasema, "Hm," akasimama, akaubeba mfuko wake mwenyewe, akatembea kuelekea treni inayofuata. Kinuthia hakuuomba. Ilikuwa mara ya kwanza.

Ndani ya treni, walipopita mji wa Modena, Shangazi akasema, macho yake yakiwa dirishani penye giza, "Kitendawili."

"Tega," alisema Kinuthia.

"Mulango hauna kufuli, hauna ufunguo. Wanaume wenye nguvu wanashindwa kuifungua."

Kinuthia alifungua mdomo, na mtu angeona makisio kumi yamejipanga nyuma ya meno. Akaufunga.

"Nakupa mji, Anti."

"Mji gani?"

"Minto."

"Minto tayari niko naishi. Leta ingine."

"Chukua Parramatta."

"Nimekubali." Akajiegemeza. "Ni kinywa ya mutu mwenye amekosea."

"Na cha mwanamke, Anti?"

"Ya mwanamuke hapana mulango," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza katika siku tano bega lake likatikisika kwa kicheko. "Iko wazi siku yote. Muulize huyu na foleni yake ya kanisa."

Ketsia akaficha uso katika skafu. Lakini jibu lenyewe hakulipata. Kicheko si jibu. Shangazi aliweza kucheka na mtu na kumnyima binti siku ileile. Usiku kucha Milano, na angani mchana na usiku mpaka Sydney, mfuko ulikaa miguuni pa Shangazi, mkanda umezungushwa kwenye kifundo cha mguu.

Sydney iliwapokea kwa joto la nyuzi thelathini na nane. Mzee Lazare alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa wanaowasili, shati lake jeupe la Jumapili siku ya Jumatano. Alimkumbatia bintiye. Alimpa Kinuthia mkono, mkono wa heshima, usio na joto wala baridi. Kisha akamgeukia dada yake, na kama alivyofanya kwa miaka thelathini, alinyoosha mkono kuupokea mfuko.

Shangazi Emérance alimpita.

"Shika," alimwambia Kinuthia. "Na usinitembeze kwa jua."

Kinuthia aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, ukamvuta chini kidogo, naye akaunyanyua akauweka begani. Ketsia alisikia kitu kikifunguka kifuani mwake polepole, kama dirisha lililopakwa rangi likagoma miaka. Alitaka kumtazama Kinuthia na hakuweza. Alitazama viatu vyake.

Mzee Lazare alibaki na mkono wake hewani. Akautazama mfuko begani mwa kijana. Akamtazama dada yake. Akaurudisha mkono, akajikuna kidevu.

"Bon," alisema. "Basi twende. Gari niliacha ghorofa ya nne." Akatafakari. "Ao ya tano. Ilikuwa upande wa... ninajua, ninajua, munifuate tu."

Shangazi na Ketsia walitazamana.

"Ngoja hapa ndani, Baba," alisema Kinuthia, akiuweka sawa mkanda wa mfuko. Yule mzee, aliyezoea kuitwa Mzee Lazare, aligeuka kusikia jina lile jipya. "Naenda kuuliza."